Bunduki kongwe ya vita: Halisi hutambuliwaje, na thamani yake hutoka wapi?

UWANDA ulio baina ya Mlima Longonot na mteremko wa Mai Mahiu umepitiwa na bunduki za kila namna kwa zaidi ya karne moja. Misafara ya wafanyabiashara ilikatiza hapo ikilindwa na askari wa kukodiwa. Reli ikafuata, kisha wakaja walowezi, wanajeshi wa vita viwili vikuu vya dunia na wapiganaji wa Mau Mau. Katika sehemu nyingine za Bonde la Ufa, polisi wa akiba walikabidhiwa silaha kuukuu walinde mifugo hadi miaka ya karibuni.

Haitakuwa ajabu, basi, iwapo bunduki kongwe itafumwa darini mwa nyumba ya zamani ya shambani au kugongwa na jembe chini ya udongo. Inapofumwa, maswali huwa mawili: je, ni halisi? Na je, ina thamani gani?

Wengi huanza kuyajibu kwa hadithi. Mwenye nayo husimulia kwamba babu yake aliitwaa kutoka kwa Mjerumani, au kwamba ilibebwa na jemadari fulani wa msituni, na msikilizaji akivutiwa na hadithi, huiamini na bunduki. Wajuzi wa silaha za kale hufuata mkondo ulio kinyume. Huanza na chuma, wakaja kwenye mbao, wakatafuta karatasi, na mwisho kabisa ndipo husikiliza hadithi na kuuliza kama inapatana na vile vitatu vya kwanza. Hadithi hubadilika kila inaposimuliwa, ilhali alama iliyogongwa kiwandani mwaka 1912 haijabadilika, isipokuwa kwa mkono wa mtu, na mkono huo nao huacha alama zake.

Kabla ya yote, tahadhari mbili. Bunduki iliyolala miaka 70 huenda ingali na risasi ndani, na baruti iliyozeeka haitabiriki. Haifai kuvutwa komeo wala kujaribiwa kwa kufyatuliwa. Pili, sheria ya silaha nchini Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, na uzee wa bunduki si cheti. Aliyeifuma anapaswa kuwaarifu polisi waje waichukue pale ilipo. Anayeifunga kwa gunia na kupanda nayo matatu hadi Nairobi kutafuta mnunuzi huenda akaishia mahakamani kabla hajafika kwa mjuzi yeyote.

Kiswahili chenyewe kina hazina ya majina ambayo humsaidia mchunguzi kupanga silaha kwa umri. Wazee wa pwani walitofautisha bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki, iliyolipuka kwa kifuniko kidogo cha baruti. Na bunduki ya viasi, ambayo risasi na baruti yake vimefungwa pamoja na kupakiwa kwa nyuma. Mpangilio huo ndio historia yenyewe ya bunduki duniani, na mtu anayeujua hawezi kudanganywa kwamba gobori la kupakia kwa mdomo wa mtutu ni silaha ya kijeshi ya mwaka 1914.

Kwa eneo la Longonot, bunduki za kijeshi zenye umri mkubwa zaidi zinazoweza kutarajiwa ni Snider na Martini-Henry, zote za Uingereza na zote za viasi. Snider iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1866 na Martini-Henry mwaka 1871. Zilipochakaa au kupitwa na wakati huko, zilikabidhiwa askari wa makampuni na misafara ya Afrika Mashariki. Mnamo Novemba 1895, katika bonde la Kedong lililo chini ya Longonot, msafara mkubwa wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamaasai baada ya ugomvi, na mamia ya watu wakauawa. Mfanyabiashara Mwingereza, Andrew Dick, alijitwika kulipiza kisasi kwa bunduki yake, akaua Wamaasai wengi kabla ya kuchomwa mkuki. Uchunguzi wa serikali ulibainisha kwamba watu wa msafara ndio waliochokoza.

Tukio kama hilo ni chambo kizuri kwa tapeli. Mwenye Martini-Henry iliyonunuliwa mnadani Uingereza juzi anaweza kudai kwamba iliokotwa Kedong, na bei ikapanda maradufu kwa neno hilo moja. Alama za kiwanda zitathibitisha kwamba ni Martini-Henry halisi ya mwaka 1880 na kitu. Hazitathibitisha kamwe kwamba ilikuwa Kedong. Uhalisi wa kifaa na uhalisi wa historia yake ni mambo mawili mbalimbali, na ununuzi mwingi wenye majuto hutokea pale yanapochanganywa.

Hata hivyo, silaha ambayo mtu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana nayo ni Lee-Enfield, ile ambayo Wakenya wengi waliijua kwa jina la Mark 4 ingawa si kila moja ilikuwa ya aina hiyo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya milioni 16 zilitengenezwa katika viwanda vya Uingereza, India, Australia, Kanada na Marekani. Kipenyo cha mtutu wake ni inchi .303, yaani milimita 7.7, na kasha lake hubeba risasi 10. Ilitumiwa na KAR, na polisi, na magereza, na walowezi, na kwa hivyo hadithi zinazoizunguka hazina idadi.

Bunduki hii ina kitambulisho chake mwilini. Katika ile aina fupi iliyotumika sana Vita vya Kwanza vya Dunia, mtazamaji aangalie upande wa kulia, kwenye ukanda wa chuma ulio nyuma ya komeo, pale ambapo kitako cha mbao huchomekwa. Juu kabisa huwa pana taji, na chini yake herufi za mtawala: VR kwa Malkia Victoria, ER kwa Edward wa Saba, GR kwa George. Zilizotengenezwa Ishapore nchini India huwa na GRI, ile I ikisimamia cheo cha mfalme huyo kama mtawala mkuu wa India. Hufuata jina la kiwanda, kama vile ENFIELD, BSA CO, LSA CO, LITHGOW au ISHAPORE, halafu mwaka, halafu aina.

Hapo ndipo hesabu ya kwanza hufanywa. Victoria alifariki Januari 1901 na Edward akafariki Mei 1910. Bunduki yenye VR na mwaka 1910 ilichorwa na mtu ambaye aliiga herufi bila kujua maana yake. Kosa hilo si la kubuni. Mafundi wa Darra Adam Khel, karibu na Peshawar nchini Pakistan, wamekuwa wakitengeneza nakala za bunduki za Kiingereza kwa mikono tangu enzi za ukoloni, na baadhi ya kazi zao huwa na taji lililopinda, herufi N iliyogeuzwa nyuma mbele, na miaka isiyopatana na mtawala. Wanajeshi wa Marekani na Uingereza waliopelekwa Afghanistan kuanzia mwaka 2001 walizinunua kwa wingi masokoni wakidhani ni kumbukumbu za vita vya karne ya 19. Mafundi hao ni hodari, jambo ambalo halipaswi kubezwa, lakini chuma chao mara nyingi ni laini na bunduki inaweza kupasuka mkononi.

Aina nayo ina tarehe zake. Mark III ilianza mwaka 1907. Vita vilipopamba moto viwandani walitakiwa kuharakisha kazi, na kuanzia mwaka 1916 ikatambuliwa rasmi Mark III yenye nyota, ambayo iliondolewa baadhi ya vikorokoro: kibati cha kuzuia risasi zisipande kutoka kwenye kasha, na vilengeo vya ubavuni vya kupigia masafa marefu. Nyota hiyo ndogo inayogongwa baada ya tarakimu za Kirumi imeumbua hadithi nyingi za familia. Bunduki iliyotoka kiwandani na nyota na mwaka 1917 haiwezi kuwa ilipigana mwaka 1914, hata kama aliyeibeba ni mkongwe wa kweli wa vita hivyo. Pengine alipewa baadaye, na wajukuu wakaunganisha mambo.

Baada ya mwaka huja nambari ya mfululizo. Kiwanda kiligonga nambari moja kwenye kiwiliwili cha chuma, kwenye mtutu, nyuma ya mpini wa komeo, kwenye bati la kilengeo, kwenye kifuniko cha chuma cha mbele kinachoshikilia singe, na kwa kawaida upande wa chini wa ubao wa mbele. Zikilingana zote, bunduki haijachanganywa na nyingine, na hali hiyo ni adimu kiasi kwamba wakusanyaji huilipia vizuri. Komeo ndilo hupotea kwanza, kwa kuwa vikosi vingi viliyahifadhi makomeo mbali na bunduki ili mwizi asipate silaha kamili. Nambari isiyolingana hapo si ushahidi wa ulaghai, bali wa maisha marefu kazini. Ulaghai huwa pale nambari ya zamani imesagwa na mpya kugongwa juu yake. Lenzi ya kukuzia na mwanga wa kurunzi ulioelekezwa kwa ubavu huonyesha bonde dogo palipokwanguliwa chuma, na tarakimu mpya huwa na kingo kali ilhali jirani zake zimelainika kwa kushikwa.

Zipo alama nyingine ambazo mnunuzi asiyejua huzipita. Mshale mpana ni ishara ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyokutana kwa ncha huonyesha kwamba serikali iliiuza kihalali. Herufi DP zina maana kwamba ilishushwa hadhi ikawa ya kufanyia kwata tu, haifai kufyatuliwa. FTR, pamoja na mwezi na mwaka, ni ushahidi kwamba ilirudishwa kiwandani ikafumuliwa na kuundwa upya, kwa hivyo mbao mpya juu ya chuma cha zamani hazipaswi kumshtua mtu. Aidha, zipo zilizogeuzwa Ishapore zikawa na mtutu laini wa .410 kwa ajili ya polisi na walinzi wa magereza, ili hata zikiporwa zisiweze kutumia risasi za kawaida za jeshi.

Mark 4 yenyewe, kwa jina rasmi No. 4, ni ya Vita vya Pili. Nyingi zilitoka Fazakerley, Maltby na Shirley nchini Uingereza, Long Branch nchini Kanada, na kiwanda cha Savage nchini Marekani, ambacho kiligonga maneno US PROPERTY kwa kuwa zilitolewa kwa mpango wa mkopo wa vita. Wakenya wengine wameyaona maneno hayo wakadhani bunduki iliibwa kutoka kwa Wamarekani. Ndugu yake mdogo ni No. 5, fupi na nyepesi, yenye kikombe cha kuficha mwako mdomoni, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1944 kwa vita vya misituni na kutumika Kenya wakati wa Hali ya Hatari.

Kwa kuwa No. 5 ni ghali kuliko No. 4, mafundi hukata mtutu wa No. 4, wakabandika kikombe hicho na kuuza. Jibu limo chini ya mbao. Katika No. 5 halisi, kiwanda kilipunguza uzito kwa kuchonga vijishimo kwenye sehemu nene ya mtutu na kukwangua chuma cha kiwiliwili mahali maalumu. Fundi wa mtaani hukata urefu lakini hahangaiki na vijishimo ambavyo mnunuzi hataviona.

Kuna pia bamba dogo la mviringo la shaba nyeupe kwa manjano lililochomekwa ubavuni mwa kitako cha bunduki za awali, ambapo kikosi kiligonga jina lake. Bamba la KAR huongeza bei kupita kipimo, na hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu huondolewa kwa skrubu moja. Mabamba huuzwa peke yake, na mengine huchorwa upya. Mchunguzi hulitoa na kutazama kama shimo lililo chini yake limechafuka kwa mafuta na jasho la miaka au ubao ni mweupe. Vilevile hukumbuka kwamba wakati wa vita viwanda viliacha kuweka bamba ili kuokoa muda. Bamba kwenye kitako cha mwaka 1918 linahitaji maelezo.

Historia ya vikosi nayo husaidia. Kikosi cha pili cha KAR, kilichoandikisha watu wa Nyasaland, Malawi ya leo, kilivunjwa mwaka 1911 na kuundwa upya mwaka 1916. Anayeleta bunduki ya kikosi hicho na kusema ilipigana Longido Novemba 1914 ameshindwa na kalenda. Isitoshe, majina Longido na Longonot huchanganywa mara kwa mara na watu wa mbali, hasa wauzaji wa Ulaya. Longido ni mlima ulio Tanzania, kusini mwa Namanga, ambapo wanajeshi wa India na walowezi wapanda farasi wa East African Mounted Rifles walishambulia Wajerumani Novemba 3, 1914, wakarudishwa nyuma. Longonot haikuwa na pigano la namna hiyo. Maelezo ya mnada yanayotaja mapigano ya Longonot ya mwaka 1914 yamenakiliwa na mtu ambaye hakufungua ramani.

Na hizo bunduki za Wajerumani? Vita vilipoanza, askari wengi wa Schutztruppe walikuwa na Mauser ya zamani ya mwaka 1871 au ile ya 71/84, iliyotumia baruti nyeusi na kutoa moshi uliomfichua mpigaji. Meli ya Rubens iliyopenya hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915 ilileta Mauser mpya, na nyingine zikaletwa na Marie iliyotia nanga Sudi mwaka 1916. Kisha Wajerumani wakaishi kwa ngawira. Mnamo Novemba 25, 1917 waliteka ngome ya Wareno huko Ngomano, Msumbiji, wakajitwalia bunduki na risasi. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake Abercorn, Mbala ya sasa nchini Zambia, Novemba 25, 1918, bunduki zilizowekwa chini zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Kwa hivyo babu aliyenyang'anya bunduki ya askari wa Mjerumani mwaka 1918 huenda kweli alirudi na Lee-Enfield au Mauser ya Kireno. Ubandia wa chuma si ubandia wa hadithi kila mara, na mchunguzi mwenye haraka anaweza kuitupa kumbukumbu ya kweli.

Jambo kama hilo lipo kwa Carcano za Kitaliano. Waafrika wa KAR walipigana Ethiopia hadi Waitaliano waliposalimu amri Gondar Novemba 1941, na ngawira zikaja Kenya. Mateka wa Kitaliano ndio waliojenga barabara ya mteremko wa Mai Mahiu na kanisa dogo lililo kando yake, lililokamilika mwaka 1942. Mitutu ya baadhi ya Carcano imegongwa mwaka wa utawala wa Kifashisti kwa tarakimu za Kirumi, ukihesabiwa kuanzia Oktoba 1922. Mtu akiona XVIII asidhani ni karne. Ni mwaka ulioanza Oktoba 1939.

Kipindi kigumu zaidi kukithibitisha, na chenye uzito mkubwa kuliko vyote kwa Wakenya, ni Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, jirani na Longonot, wakawafungulia wafungwa zaidi ya 100 na kuondoka na bunduki na rashasha. Kati ya silaha zote ambazo zingeweza kuchimbuliwa katika eneo hili, hakuna itakayozidi hizo kwa umuhimu. Lakini bunduki haiwezi kuhesabiwa kuwa ya Naivasha kwa sababu tu ilifukuliwa karibu na Naivasha. Inahitaji nambari yake ya mfululizo ilingane na orodha ya polisi ya wakati huo. Bila orodha, ni Lee-Enfield iliyoota kutu.

Kutu yenyewe, bila shaka, husema kitu. Silaha iliyofukiwa miaka ya 50 na kukaa ardhini haiwezi kutoka na mbao za mjozi zinazong'aa. Mchwa na unyevu ungekuwa umezila, na chuma kingekuwa na vishimo hata katika sehemu zilizofunikwa na ubao. Kutu ya kughushi, inayoletwa kwa chumvi au tindikali, huwa nyekundu na sawasawa kila mahali, na hukosa ule weusi mgumu wa miongo mingi.

Watu walikuwa na sababu ya kufukia. Kupatikana na silaha au hata risasi chache kulimfikisha mtu kwenye kitanzi. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, alihukumiwa kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Familia nyingi hazikuthubutu kuandika wala kusema. Ndiyo maana karatasi zinazothibitisha silaha za walowezi zipo, na za wapiganaji wa msituni hazipo, na soko linalodai karatasi humpendelea aliyekuwa na haki ya kuandika.

Afadhali, basi, kutazama zile bunduki ambazo hazikuwahi kupitia kiwandani. Wapiganaji walitengeneza silaha kwa bomba la maji, kipande cha komeo la mlango na mipira ya tairi za ndani za gari iliyovuta msumari wa kugonga risasi. Nyingine zilimlipukia mwenye kuzitumia. Makumbusho ya kijeshi jijini London yanazo. Kwa mtazamo wa fundi ni takataka, na hakuna alama wala nambari ya kusoma. Uhalisi wake hupimwa kwa alama za tupa, aina ya bomba, uchakavu wa mahali pa kushikia, na ushahidi wa mahali ilipotoka. Kwa historia ya Kenya, moja yenye asili iliyothibitishwa inazidi Lee-Enfield mia zilizosafishwa.

Hilo linaleta suala la bei. Katika minada ya Uingereza na Marekani, Lee-Enfield ya kawaida huuzwa kwa dola mia kadhaa. Iliyo nzima, nambari zikilingana na mbao zikiwa za asili, inaweza kupita dola 1,000. Si utajiri. Zilitengenezwa mamilioni, na wingi huua bei. Kinachoipandisha ni hali yake na karatasi: barua, picha ya mwenye nayo akiwa ameishika, kitabu cha utumishi chenye nambari.

Kinachoishusha, kinyume na wanavyodhani wengi, ni usafi. Mtu anayeisugua kwa msasa hadi ing'ae, akaipaka vanishi na kufupisha ubao iwe ya kuwindia, ameondoa alama ambazo ndizo ushahidi, na mkusanyaji hulipa nusu au chini. Tarehe nayo ina bei: sheria ya Marekani huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, na masharti yake huwa hafifu. Mtu hatashangaa kwamba 1899 imewahi kugeuzwa kuwa 1898.

Uvumi wa zebaki nyekundu nao unastahili kutajwa, kwa sababu matapeli wa Afrika Mashariki hawajauacha. Husemwa kwamba vitu vya kale, yakiwemo mapipa ya silaha, redio na sarafu, vina zebaki ya ajabu yenye thamani ya mamilioni. Mwaka 2009 uvumi huohuo uliwafanya watu Saudi Arabia kugombania cherehani kuukuu za Singer. Zebaki hiyo haipo, wala hakuna bunduki iliyowahi kutengenezwa ikiwa nayo.

Nchini Kenya, mnunuzi na muuzaji wote huhitaji idhini ya kisheria kabla bunduki haijabadilisha mikono, na bei ya mnada wa London haina maana kwa mkulima wa Longonot asiye na cheti. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 nayo huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi huhitaji kibali. Snider ya msafara wa miaka ya mwanzo ya 1890 inaangukia humo iwapo tarehe yake ya kuingia itathibitishwa. Bunduki ya Mau Mau haiangukii humo, maana sheria iliweka mpaka wake pale ukoloni ulipoanza.

Zinazobaki huelekea Ngong. Novemba 2016 serikali iliteketeza hapo silaha haramu zaidi ya 5,000, na Juni 2021 ikateketeza nyingine zaidi ya 5,000. Kuziondoa bunduki mikononi mwa wezi wa mifugo na majambazi ni kazi isiyo na pingamizi, na mtu aliyepoteza jamaa kwa risasi hatamlilia Lee-Enfield. Lakini rundo la silaha zilizosalimishwa haliulizwi lilitoka wapi. Kuzipanga juma moja kabla ya moto, mtaalamu wa Makavazi akiwa na lenzi na daftari, kunakili nambari na kupiga picha za alama, na kuitenga ile moja katika elfu iharibiwe kifyatuo badala ya kuyeyushwa, kungegharimu mishahara ya siku chache. Orodha hiyo ingewezesha pia nambari za Naivasha za mwaka 1953, popote zilipo katika hifadhi za nyaraka, hatimaye kulinganishwa na chuma.